Kansa ya tumbo kutolewa kwa kamera: hizo namba nzuri zinatoka wapi hasa

Huko Japani walichukua wagonjwa 470 wenye kansa ya tumbo iliyogunduliwa mapema, wakawatolea uvimbe kwa kupitisha kamera mdomoni bila kupasua tumbo, na miaka 5 baadaye asilimia 97 walikuwa bado wako hai. Utafiti ulitoka 2018. Ukiongea na watu hapa Nakuru ambao wamezika mtu kwa sababu ya hii kansa, wakisikia hiyo namba swali huwa ni moja tu, kwani hiyo mashine inakuja huku lini.

Swali ni la haki na mimi pia nataka jibu. Lakini nimekaa na hizi tafiti kwa muda sasa na kuna kitu naona hakisemwi vya kutosha. Kabla ya kisu, kile kidogo cha umeme kinachopita ndani ya kamera, kuingia kwa hao watu 470, kulikuwa na daktari aliyeuona uvimbe ungali mdogo, na baada ya kisu kulikuwa na mtu wa maabara ambaye hangeandika "imeisha" kama haijaisha, na usiku wa pili na wa tatu kulikuwa na nesi hatua chache kutoka kitandani. Ukiwatoa hao watatu ukabaki na kisu peke yake, hiyo asilimia 97 hutaiona, hata kisu kiwe kipya namna gani. Hilo ndilo nataka tuangalie, maana tusipoliangalia tutanunua kifaa cha bei tukiweke kwa chumba, tukate utepe, halafu baada ya miaka miwili tuanze kuulizana mbona wagonjwa bado wanafika wakiwa wameisha.

Wacha kwanza nieleze vile inafanyika, maana wengi wanafikiria ni kitu cha dakika kumi. Unalala kwa ubavu, unapewa dawa ya usingizi, kamera nyembamba inapita kooni mpaka tumboni. Daktari anaosha ukuta wa tumbo kwa ndani, anarashia rangi ya bluu ndio mipaka ya uvimbe ijitokeze, kisha anachoma vidoti vidogo kuuzunguka, milimita chache nje ya mpaka, vimwonyeshe atapita wapi. Halafu anadunga maji ya chumvi au majimaji mazito zaidi chini ya utando, ile sehemu inafura inainuka, inaachana na msuli. Hapo ndipo kisu kinaingia, kisu kidogo cha umeme, anakata nje ya vile vidoti mpaka azunguke, kisha anaanza kutenganisha kutoka chini, kidogo kidogo, kila mshipa wa damu anaoupata njiani anauchoma kabla haujamwagika, na hii kazi inaweza kula saa moja, saa mbili, saa zingine hata zaidi. Kipande kinatoka kizima. Kikishatoka kinawambwa kwa pini juu ya kibao laini kama vile ngozi ya mbuzi inawambwa juani, ndio kisijikunje, kisha kinatumbukizwa kwa formalini. Maabara wanakikata vipande vyembamba vya upana wa milimita 2, na kila kipande kinawekwa chini ya darubini kiangaliwe.

Hiyo maneno ya kutoka kizima ndio kila kitu. Miaka ya 1980 walikuwa wakitumia kitanzi cha waya, wanakinasa kile kivimbe wanakata, na ilifanya kazi vizuri kwa vidogo, lakini kikizidi ukubwa fulani kilikuwa kinatoka vipande vipande, na kitu kikitoka vipande hakuna mtu anaweza kukuambia kwa uhakika kama ukingo ulikuwa safi, kwa hivyo kansa ilikuwa inarudi palepale kwa baadhi ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa National Cancer Center ya Tokyo wakaja na kisu chenye kidonge cha seramiki kwa ncha. Seramiki haipitishi umeme, kwa hivyo wembe unakata lakini ncha haichomi kwenda chini na kutoboa ukuta.

Bado madaktari wa upasuaji walikuwa na wasiwasi, na walikuwa na haki. Kansa ikishafika kwa tezi za limfu nje ya tumbo, unaweza kutoa uvimbe vizuri sana na bado umeacha ugonjwa ndani. Mwaka wa 2000 daktari Gotoda wa Japani na wenzake walirudi kwa faili za wagonjwa 5,265 waliopasuliwa zamani, watu ambao tumbo lilikuwa limekatwa na tezi zao zikatolewa zikaangaliwa moja moja, wakauliza swali moja: ni kansa ya namna gani haikuwa imefika kwa tezi hata kidogo? Zile zilizokuwa bado ndani ya utando wa juu, seli zake bado zina mpangilio, na upana chini ya sentimita 3, zilikuwa 1,230, na hakuna hata moja iliyokuwa imefika kwa tezi. Na zile za ndani ya utando, zenye seli za mpangilio huohuo, ambazo hazikuwa na kidonda zilikuwa 929, na hapo pia sifuri, haijalishi ukubwa.

Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Hao watu elfu tano na zaidi walipoteza sehemu ya tumbo au tumbo lote, na ni faili zao zilizofanya mwingine leo abaki na lake. Faili zilikuwa zimetunzwa, zimeandikwa vizuri, mtu anaweza kuzifungua miaka mingi baadaye akapata jibu. Sasa fikiria vile kwetu mgonjwa wa hospitali ya umma mara nyingi anabeba historia yake kwa kitabu cha mazoezi alichonunua dukani nje ya geti, kikinyeshewa kwa boda au mtoto akirarua kurasa za kati, hiyo ndio faili imeenda. Watu wakiongea kuhusu kuleta teknolojia mpya hicho kitabu huwa hakitajwi, na mimi naona ndicho kingetangulia.

Sasa tuje kwa usalama, maana hapa ndipo naona watu wanadanganyika kirahisi. Rekodi za hospitali nyingi za Japani zikiwekwa pamoja zinaonyesha uvimbe unatoka mzima karibu mara 99 kwa kila 100, damu inakuja baadaye kwa wagonjwa 4 au 5 kwa kila 100, na ukuta wa tumbo unatoboka kwa 2 au 3 kwa kila 100. Kutoboka kunatisha ukikusikia lakini kwa mikono iliyozoea si mwisho wa dunia, daktari anakuona hapohapo akiwa bado ndani, anafunga kwa klipu ndogo za chuma, mgonjwa anakaa bila kula siku kadhaa akipewa dripu na antibayotiki, na wengi wao hawafiki hata mlango wa thieta.

Damu ndiyo yenye ujanja. Ukishatoa uvimbe umeacha kidonda, kidonda cha kweli, kinachukua kama wiki 8 kufunga kabisa huku mtu akimeza dawa ya kupunguza asidi. Wengi wanaotoka damu wanatoka siku ya kwanza au ya pili, lakini kuna wale inawajia baada ya wiki, hata mbili, wakiwa wamesharudi nyumbani. Na si wote wako kwa hatari sawa. Wajapani walitengeneza kipimo cha alama, wanaangalia kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama uko kwa dayalisisi (mashine ya kusafisha damu), uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani na ulikuwa upande gani wa tumbo, na wakapata kwamba wale wa hatari ndogo wanatoka damu kama 2.8 kwa 100, lakini wale wa juu kabisa wanafika karibu 30 kwa 100. Kwa hivyo mtu akikuambia hii kitu ni salama asilimia 95, muulize salama kwa nani. Mzee wa Bahati anayefuatiliwa presha na moyo, anameza aspirini ndogo kila asubuhi miaka na miaka mpaka ameshaacha kuihesabu kama dawa, akiulizwa unatumia dawa gani anasema za presha tu. Huyo hayuko kwa kundi la 2.8. Na asiiache mwenyewe pia, maana moyo nao unaweza kumgeuka, anachohitaji ni mtu wa kumuuliza vizuri na kuandika jibu.

Sasa chukua mgonjwa wa Tokyo umlete Kuresoi, huku mashambani Nakuru. Kule alikuwa analazwa kama wiki nzima, na akitapika damu saa nane usiku kamera inarudishwa ndani usiku huohuo, mshipa unachomwa, asubuhi anakunywa maziwa. Huku, siku ya pili ndugu wameshaanza kuuliza bili imefika wapi, na ni ukweli hawana njia nyingine, ng'ombe ameshauzwa. Anaruhusiwa, anapanda matatu mpaka Molo, anapanda nyingine. Siku ya sita usiku anaenda choo cheusi ti, ndiyo damu hiyo, kichwa kinazunguka, na yeye anafikiria ni ile dawa ya kuongeza damu. Mpaka asubuhi gari lipatikane, afike zahanati, aandikiwe rufaa, afike Nakuru, damu ya kundi lake itafutwe, na itafutwe daktari wa kamera ambaye labda siku hiyo ni ya kliniki. Ni kidonda kilekile cha Tokyo, kilichokatwa vizuri vilevile, lakini huyu wa pili anaweza kufa kwa kitu ambacho kule kinaandikwa kama shida ndogo.

Na hii haimaanishi tuseme basi hatuwezi. Inamaanisha ile asilimia 4 ya damu ni namba ya wodi, ya barabara, ya benki ya damu, ya simu inayoshikwa usiku. Mgonjwa wa mbali anaweza kukaa mjini kwa jamaa wiki mbili kabla ya kurudi, hiyo ni kitu ya kupanga kabla ya siku ya kazi. Mtu wa familia anaweza kufundishwa choo cheusi ni nini na kutapika kahawia ni nini, apewe namba moja ya simu ambayo kweli itashikwa. Hizi ni vitu za bei ya chini sana ukilinganisha na hicho kisu, na mimi nikiona mpango wa kuleta hii huduma ambao hauna hizo mbili nitajua mpango haujaiva.

Lakini hata hapo tumeruka, tumeanzia katikati. Kansa ya tumbo ya mapema haiumi, ama inauma kama alsa za kawaida, na hapa kwetu kila mtu ako na alsa. Nenda kemisti yoyote Kaptembwa au Kondele saa za jioni utasikia.

"Daktari, nipee zile za asidi."

"Mzee, za siku ngapi?"

"Weka za wiki. Zile za juzi zilinisaidia lakini imerudi."

Na yule kijana wa kemisti anahesabu vidonge anavitia kwa bahasha ya kaki, anaandika 1x2, wanaagana. Hakuna mtu amekosea sana hapo, lakini hiyo "zilinisaidia lakini imerudi" inafaa imshtue mtu. Kuna kitu kinachojulikana kuhusu kansa ya mapema yenye kidonda: ukimpa mtu dawa ya kupunguza asidi kile kidonda juu ya kansa kinaweza kufunga kwa muda, maumivu yanapotea, hata kamera ikiingia wakati huo inaweza kukuta kovu tu, halafu kidonda kinafunguka tena. Dawa imesaidia kweli na kansa iko palepale. Kwa hivyo kupata nafuu si ushahidi kwamba hakuna kitu. Mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye alsa zimeanza juzi juzi, ama amepungua mwili bila kutaka, ama anashiba kwa vijiko viwili, ama damu iko chini na hajui inapotelea wapi, ama ndugu yake alikufa na kansa ya tumbo, huyo hafai kumalizia bahasha ya tatu kabla hajaangaliwa kwa kamera.

Na kuangaliwa pia kuna kuangaliwa. Tafiti zilizounganishwa mwaka wa 2014 zilionyesha kwamba kama asilimia 11 ya kansa za koo la chakula na tumbo zilikuwa zimepitwa na kamera iliyofanywa ndani ya miaka 3 kabla, na hizo ni nchi zenye vifaa vizuri. Huko Singapoo nako waligundua madaktari wanaochukua zaidi ya dakika 7 kwa kila mgonjwa walikuwa wanapata vidonda vya hatari mara mbili ya wale wa haraka. Dakika 7 tu. Halafu kuna ile dawa ya kuua povu na ute ambayo mgonjwa anakunywa na maji kidogo kabla ya kamera ndio ukuta uonekane safi, ni kitu rahisi, lakini pahali pengi haitolewi. Mimi siwalaumu madaktari wa OGD, yaani hiyo kamera ya tumbo, siku ya kamera kwa hospitali kubwa ya umma foleni inaanza kabla jua halijatoka, watu wametoka mbali bila kula, na daktari mmoja ako na orodha ndefu na mashine moja. Lakini kansa ya mapema si donge, mara nyingi ni wekundu kidogo tu, ama sehemu iliyobonyea kidogo, ama rangi imefifia, na hicho kitu kinapita macho yakiwa na haraka. Pesa za kisu zikinunua kamera ya pili na mshahara wa nesi mmoja wa ziada kwa chumba cha kamera, nina uhakika zitaokoa watu wengi zaidi kwa miaka mitano ya kwanza.

Nije kwa maabara, na hapa nitakaa kidogo maana naona ndipo maamuzi magumu yako. Kipande kikishatolewa, ndugu wanaambiwa "tumetoa yote", na watu wanashukuru Mungu, wanachinja kuku. Daktari ameona kwa macho, na macho hayajui kina. Mtu wa maabara ndiye anayejua kama kansa ilikuwa imekaa kwa utando wa juu ama ilikuwa imechimba chini, na mpaka wenyewe ni nusu milimita, ikipita hapo hatari inabadilika. Anaangalia pia kama seli zimeingia kwa mishipa ya limfu, kama zimeingia kwa mishipa ya damu, kama ukingo wa chini ni safi. Ikipatikana kwamba mambo si sawa kuna alama zinahesabiwa, na wale wenye alama chache hatari ya kansa kuwa tayari kwa tezi ni kama 2.5 kwa 100, wale wa kati 6.7, na wale wa juu 22.7. Ukiwa huyo wa 22.7 unahitaji kupasuliwa, hata kama unajisikia mzima, hata kama ulishachinja kuku. Ukiwa wa 2.5 na una miaka 80 na moyo dhaifu, familia na daktari wanaweza kukubaliana waache hapo wakufuatilie, na huo ni uamuzi wa busara kabisa.

Bila ripoti iliyoandikwa hivyo, huo mjadala hauwezekani. Ukipata ripoti ya mistari miwili inayosema ni kansa, haijasema kina, haijasema mishipa, haijasema ukingo, imekuja baada ya mwezi na nusu kwa sababu sampuli ilisafirishwa mji mwingine, basi ile kazi yote ya saa mbili na kisu cha seramiki imekuwa bayopsi kubwa tu, kipande cha kupima ugonjwa. Na madaktari wa patholojia, hao wanaosoma sampuli kwa darubini, nchini hii ni wachache na wengi wako Nairobi. Kumsomesha mmoja kunachukua miaka. Kama ningekuwa na sauti kwa bajeti ya afya ya kaunti yoyote ya huku magharibi, ningeanzia kwa dirisha la maabara.

Kuna daktari mmoja wa upasuaji nilimsikia akisema kwa nguvu kwamba kwa mgonjwa wa kwetu ni heri ukate tumbo umalizane naye. Sikubaliani naye moja kwa moja lakini siwezi kumpuuza. Mtu aliyekatwa tumbo lote atadungwa vitamini B12 maisha yake yote, atapungua, atakula kidogo kidogo mara nyingi, wengine wakimaliza kula jasho linawatoka na moyo unaenda mbio, na kwa mkulima anayeshika jembe hiyo si kitu kidogo. Kubaki na tumbo ni jambo kubwa. Lakini tumbo lililobaki linahitaji kulindwa, maana ukuta uleule uliozaa kansa ya kwanza unaweza kuzaa nyingine pahali pengine. Huko Korea Kusini walifuatilia watu waliotolewa uvimbe kwa kamera, nusu wakapewa dawa za kuua H. pylori, bakteria anayeishi tumboni na kuchangia kansa hii, na nusu vidonge visivyo na dawa, na baada ya karibu miaka 6 kansa mpya ilikuwa imetokea kwa asilimia 7.2 ya waliotibiwa na asilimia 13.4 ya wale wengine. Matokeo yalitoka 2018 pia. Kwa hivyo kutibu bakteria kunapunguza karibu nusu, lakini hata waliotibiwa 7 kwa 100 walipata kansa nyingine, na ndio maana kamera ya kila mwaka haikwepeki. Huyo daktari anachouliza kwa kweli ni kama mgonjwa wake atarudi mwaka ujao na mwaka wa kumi. Kama jibu ni hapana, hoja yake ina uzito.

Na kwa hiyo bakteria tusidanganyane na vile vipimo vya damu ya kidole. Kile kipimo kinaangalia kinga ambayo mwili ulitengeneza, na kinga inabaki hata bakteria akishakufa, kwa hivyo mtu anapimwa, anatibiwa, anapimwa tena, bado iko, anatibiwa tena, mpaka bakteria wanakuwa sugu kwa dawa. Kujua kama imeisha ni kipimo cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na uwe umeacha zile za asidi wiki 2.

Wengine watasema Japani na Korea ni nchi za kansa ya tumbo, sisi shida yetu ni koo. Ni kweli kabisa, ukanda huu wa Bomet, Kericho mpaka Uasin Gishu kansa ya koo la chakula ndiyo imemaliza wazee wetu, na hata vijana. Lakini kazi ni ileile ya kuona mapema, na hapo tuna mfano wa nyumbani. Hospitali ya Tenwek kule Bomet waliwaita watu 305 ambao hawakuwa na dalili yoyote, wakawapitishia kamera wakapaka iodini, sehemu yenye afya inageuka kahawia na iliyoharibika inabaki imepauka, na utafiti ukachapishwa 2016: asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Watu waliokuwa wanakula ugali wao vizuri bila kukwama. Kwa iodini ambayo si ghali. Koo nalo ni gumu zaidi kulitoa uvimbe, ukuta ni mwembamba, na ukikata zaidi ya robo tatu ya duara kovu linakaza mpaka chakula hakipiti, kwa hivyo mtu asianze kujifunzia huko.

Kujifunza kwenyewe kuna hesabu yake. Huko Asia daktari anatarajiwa kufanya kama 30 za tumbo chini ya mwalimu kabla ya kuachwa peke yake, anaanzia sehemu ya chini ya tumbo ambayo ni rahisi. Korea wanazipata kwa wingi kwa sababu tangu 1999 serikali inawaita watu wa miaka 40 na zaidi kila miaka 2, na zaidi ya nusu ya kansa zao za tumbo zinapatikana mapema. Sisi hatuna hizo kesi wala pesa za kumpitisha kila mtu kamera, na sidhani tunahitaji, kansa ya tumbo huku haiko juu kama kwao. Ndio maana naona ni makosa kila kaunti kutaka yake. Ukigawanya kesi chache kati ya Nakuru, Kisumu, Kakamega, Kisii na Eldoret, kila daktari atabaki mwanafunzi milele na wagonjwa ndio watalipia masomo. Kiwe kituo kimoja cha kukata kwa ukanda wote, tuseme Eldoret au Kisumu, na hizo zingine zipewe nguvu ya kuona vizuri, kupiga picha nzuri na kutuma mtu haraka. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024 mjadala ulikuwa zaidi kuhusu kemo na mionzi, matibabu ya waliochelewa. Ilipie pia kamera ya kwanza ya mtu mwenye dalili za hatari na kamera ya kila mwaka ya aliyetolewa uvimbe, bila huyo mtu kuzunguka ofisi tatu akitafuta muhuri.

Na hicho kituo kikianza, kitu cha kwanza ningetaka kitoe kwa umma kila mwaka ni hesabu yake yote: vivimbe vingapi vilitoka vizima, wangapi walitoka damu na walikuwa wapi damu ilipoanza, wangapi walitoboka, maabara ilikaa na sampuli siku ngapi, na wangapi hawakurudi kwa kamera ya mwaka wa kwanza. Hao ambao hawakurudi wapigiwe simu, atumwe mhudumu wa afya wa kijiji awatafute, na wakikosekana kabisa wabaki ndani ya hesabu, wasitolewe ndio asilimia ionekane nzuri.